Shajara ya malengo ya jalada la kijani, baada ya mwaka mzima wa kuitumia Tanga

Nilinunua shajara hii Jumamosi ya mwisho ya Desemba 2023 katika duka la vitabu na vifaa vya ofisi lililopo Ngamiani, kwa shilingi 15,000, na nimeiandikia karibu kila siku hadi kurasa zake zilipokwisha. Nimesubiri imalizike ndipo niitolee maoni, kwa sababu shajara ya malengo haipimiki dukani. Ikiwa mpya, kila shajara hupendeza, na kila anayeinunua siku za mwisho wa mwaka hujiona kana kwamba ameshabadilika. Ubora wake hujulikana mwezi wa Mei, masika inaponyesha, fedha zimepungua, na lengo lililoandikwa kwa hati nzuri mwezi wa Januari limeanza kumtazama mwenyewe kama mdai anayemtazama mdaiwa. Wapo wengi wanaoingia madukani kila mwisho wa mwaka kutafuta kitu cha namna hii, na ningependa wajue wanachokinunua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, ninaishi Chumbageni pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Dada yangu, anayeuza samaki wa kukaanga jirani na soko la samaki la Deep Sea, alinunua nakala yake siku ile ile, kwa hiyo nitakayoyaeleza yametokana na matumizi ya watu wawili wenye kazi tofauti, na tofauti hiyo imenifundisha mengi kuhusu shajara yenyewe.

Kwa umbo, ni kitabu chenye ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4, kurasa 240, jalada gumu la kijani kibichi lisilo na maandishi isipokuwa tarakimu za mwaka, na riboni mbili za kuwekea alama. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, jambo ambalo ni jema. Karatasi ni nyepesi mno, na kalamu ya wino wa majimaji hupenya hadi upande wa pili. Tumia kalamu ya risasi au bolpeni ya kawaida. Gundi ya jalada la nyuma iliachia mwezi wa Mei, na muuzaji aliibandika upya bila malipo nilipoirudisha dukani, akanikabidhi kesho yake ikiwa imara. Kuhusu umbo yanatosha hayo, kwani mtu hanunui kitabu cha aina hii kwa ajili ya jalada.

Thamani yake iko katika kurasa ishirini za mwanzo, ambazo mtengenezaji ameziita maandalizi. Ukurasa wa kwanza unakutaka uandike kila unachokitaka kwa mwaka unaokuja, bila kuchagua wala kujizuia. Niliandika mambo kumi na moja: kujenga, kupunguza uzito, kusoma zaidi, kuacha kukopa dukani, kujifunza kompyuta, kutembelea ndugu wa Pangani, na mengine ya namna hiyo. Ukurasa wa pili unakuagiza ukate yote isipokuwa matatu. Hapo nilikaa jioni nzima ya tarehe 31 Desemba, nikiwa na kalamu mkononi na watoto wamelala, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo juu ya karatasi, maana kila nililolikata lilikuwa na sababu yake na mtu wake. Lakini ndiko hasa kunakoanzia kuweka malengo. Mambo kumi na moja hayakuwa malengo. Yalikuwa matamanio, nayo hayanidai chochote. Ningekuwa na daftari la kawaida ningeyaacha yote kumi na moja, na kufikia Machi nisingekumbuka hata nusu yake.

Kila moja kati ya matatu yaliyobaki limepewa ukurasa wake wenye maswali matano: unataka nini hasa, utajuaje kwamba limetimia, ni nani atakayefaidika, ni kitu gani kitakachokuzuia, na hatua ya kwanza ni ipi. Swali la pili halikutungwa kwa kubahatisha. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walitumia miaka mingi kuchunguza malengo ya watu kazini, na katika kazi yao ya mwaka 1990 walionyesha kwamba lengo lililo wazi na gumu humfanya mtu atende zaidi kuliko agizo la kujitahidi tu kadiri awezavyo. Sisi walimu tunalijua hilo darasani bila kulisoma popote: mwambie mtoto ajitahidi, ataitikia tu, mwambie kwamba Ijumaa atasoma aya hii mbele ya wenzake, na utamkuta anaisoma wakati wa mapumziko.

Pembezoni mwa ukurasa kumechapishwa vigezo vitano vinavyojulikana kwa jina la SMART, yaani lengo liwe bayana, lipimike, lifikike, lihusike na liwe na muda, ambavyo washiriki wa semina za kazini hapa nchini wamevisikia mara nyingi. Hapa nina neno. Vigezo hivyo viliandikwa na George T. Doran mwaka 1981 katika jarida la mameneja la Marekani, na alikuwa akizungumza na wakuu wa makampuni wanaogawa kazi kwa idara zao. Herufi ya tatu, ambayo shajara hii na semina nyingi huieleza kuwa ni lengo linalofikika, kwake yeye ilikuwa na maana ya kwamba lazima ijulikane nani atalifanya. Ni tofauti kubwa. Swali la kama jambo linafikika humpa mwoga ruhusa ya kuandika kidogo. Swali la nani atalifanya halimpi mtu yeyote pa kujificha.

Malengo yangu matatu yalikuwa haya. La kwanza, kutembea kwa miguu dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa kuwa nilipopimwa shinikizo la damu mwezi wa Novemba niliambiwa kwamba limeanza kupanda. Dakika hizo zinafanya jumla ya dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya wastani. La pili, kununua matofali 600 ya msingi kwa ajili ya kiwanja chetu cha Pongwe, matofali 50 kila mwezi. La tatu, kumfundisha mama yangu mdogo kusoma herufi za kirumi.

Lengo hili la tatu linahitaji maelezo kidogo. Mama mdogo ana miaka 63, anakaa Mwambani, na si mtu asiyejua kusoma kama fomu za serikali zinavyoweza kumhesabu. Alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, anasoma msahafu kwa ufasaha, na barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu anazisoma bila kusita. Herufi hizi ninazoandikia hapa ndizo zilizompita. Ujumbe wa pesa unapoingia kwenye simu yake humpa mjukuu amsomee, na kwa njia hiyo nyumba nzima hujua alichotumiwa na aliyemtumia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba hilo linamuumiza. Nilikuwa nimeliahidi jambo hilo miaka minne mfululizo, kila mwaka mpya, kwa mdomo.

Mwaka 2024 lilitimia, na kwa kiasi kikubwa sababu ni swali la tatu, la ni nani atakayefaidika. Nilipolijibu kwa jina lake, nilimpigia simu na kumsomea nilichoandika. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na mwisho wake lini, mwanangu?" Nikamwambia Desemba. Akasema, "Desemba ni mbali. Andika kabla ya Maulidi." Nikaandika. Tangu jioni hiyo lengo halikuwa langu peke yangu, na kila Jumapili niliyochelewa kufika Mwambani nilikuta ameketi barazani na daftari mapajani. Katika kitabu chote cha kurasa 240 hakuna mstari mwingine ninaouthamini kama huo, na ninawasihi watakaoinunua wasiujibu kwa neno moja la "mimi" wakapita.

Swali la nne, la kizuizi, limetengewa nafasi ya ziada yenye sentensi iliyoachwa wazi: ikitokea hivi, nitafanya hivi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwa nini sentensi ya namna hiyo husaidia: mtu aliyekwisha kuamua atakachofanya saa fulani au hali fulani ikitokea halazimiki kushindana na nafsi yake hali hiyo inapofika, kwa kuwa uamuzi ulishapita. Niliandika kwamba mvua ikinyesha alfajiri, nitatembea kwenye veranda ya shule baada ya vipindi, ncha moja hadi nyingine. Masika ya mwaka 2024 ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na njia yangu ya kuelekea Raskazone ilikuwa na maji wiki nzima nzima. Wenzangu walinizoea kwenye veranda, na kufikia Mei walimu wawili walikuwa wanatembea nami.

Katika lengo la mama mdogo, lakini, niliandika kizuizi kisicho chenyewe. Nilidhani kitakuwa muda wangu. Tulianza katikati ya Januari, na kwa wiki tano hatukusonga; kila herufi aliyoijua Jumapili hii ilimpotea Jumapili ijayo, nami nikaanza kuamini kwamba umri umemshinda. Siku moja nikaandika irabu tano ubaoni kwa chaki, kubwa kama nifanyavyo darasa la kwanza, akazisoma zote akiwa ameketi mbali. Akasema, "Herufi nimeshazijua, macho ndiyo yaliyokataa hicho kidaftari chako." Msahafu wake una maandishi makubwa, na mengi ndani yake ameyahifadhi, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Alihitaji miwani ya kusomea. Ingefaa ukurasa wa vizuizi uwe na nafasi ya pili ya kujazwa baada ya mwezi mmoja, kwa sababu mtu hawezi kukijua kizuizi cha kweli kabla ya kuanza.

Miwani hiyo ndiyo iliyonionyesha kasoro kubwa ya shajara. Kurasa za wiki zina mistari ya saa kwa kila siku, nayo imechapishwa kwa hesabu ya Kizungu: inaanza 6:00, inapita 12:00 katikati ya ukurasa, na kuishia 9:00 chini. Mpimaji wa macho alitupa nafasi ya saa nne asubuhi, Jumamosi. Mimi, kwa haraka, niliandika kwenye mstari wa 4:00, ambao katika ukurasa huo uko chini, kwenye saa kumi za alasiri. Jumamosi ilipofika nilifungua ukurasa, nikaona asubuhi yangu iko tupu, nikaenda sokoni. Mama mdogo alikaa Mwambani amevaa tayari, akisubiri nimfuate, hadi adhuhuri. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki mbili. Makosa ni yangu kwa kutotazama vizuri, lakini kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, kinachouzwa kwa Waswahili, ambao siku yao huanza saa kumi na mbili za asubuhi na usiku wao saa kumi na mbili za jioni, hakina sababu ya kuwalazimisha kutafsiri saa zao kila wanapokifungua. Siku iliyofuata nilikaa na kalamu nyekundu nikaandika saa zetu pembeni, wiki baada ya wiki, hadi Desemba. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na mchapishaji.

Kurasa za maandalizi zina pia gridi ya siku 21, yenye maelezo kwamba ukilirudia jambo kwa siku 21 huwa mazoea. Maneno haya yameenea sana, nayo chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya baada ya kufanyiwa upasuaji. Kuizoea sura yako kwenye kioo na kuamka alfajiri kwenda kutembea ni mambo mawili. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, na wakakuta kwamba kwa wastani ilichukua siku 66, huku wengine wakichukua 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254. Walikuta vilevile kwamba kuikosa siku moja hakukuwa na madhara makubwa. Nililijua hilo kabla, na ndiyo sababu siku ya 22 haikunikatisha tamaa nilipojikuta bado nalazimika kujivuta kitandani. Dada yangu hakulijua. Alijaza gridi yake siku zote 21, akaona mambo bado magumu, akadhani kasoro iko kwake, akaifunga shajara mwezi mzima. Ukurasa unaoweza kumfanyia mtu hivyo unafaa uondolewe.

Kisha uliingia mwezi wa Ramadhani, wiki ya pili ya Machi, na shajara haikuwa na neno lolote juu yake. Sidai kila kitabu kinachochapishwa nchini kiwe cha Waislamu. Wenzangu wengi shuleni ni Wakristo, nao pia walikuwa na Kwaresima yao isiyotajwa popote. Ninachosema ni kwamba katika mji huu mwezi mzima wa siku 29 au 30 hubadilisha saa za kula, za kulala, za kazi na za matumizi ya fedha kwa nusu ya watu au zaidi unaokutana nao barabarani, na mpango wa mwaka usioujua mwezi huo umepangiwa watu wasiokuwepo. Kwa kuwa unarudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, haitoshi kuukumbuka wa mwaka jana. Matembezi yangu ya alfajiri yasingewezekana kwa mtu aliyeamka kula daku na atakayeshinda bila maji. Niliyahamishia baada ya tarawehe, pamoja na mume wangu, tukizunguka mitaa ya Chumbageni, na nikapunguza siku kutoka tano hadi tatu.

Mama mdogo ndiye aliyenipa njia ya kuanza upya. Yeye huhesabu miezi kama walivyohesabu wazee wetu wa pwani: baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, na kuendelea, hadi Mfunguo Sita ambao ndio mwezi wa Maulidi. Kwake, aliposema "kabla ya Maulidi," alikuwa anaona wazi mifunguo iliyobaki mbele yake, kama mimi ninavyoona miezi ya kalenda ya ukutani. Nikafuata hesabu yake. Siku ya tatu baada ya Idi, katikati ya Aprili, nilichukua ukurasa mtupu nikayajibu upya maswali yote matano kana kwamba mwaka unaanza siku hiyo, na nilipata nguvu ambayo sikuwa nayo tangu Januari. Watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, waliandika mwaka 2014 kwamba watu huelekea kuyashughulikia malengo yao zaidi baada ya siku inayotenganisha wakati, iwe mwanzo wa mwaka, wa mwezi, wa wiki au siku ya kuzaliwa. Watu wa pwani tuna siku nyingi za namna hiyo. Mwaka wa shule unaanza Januari, mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, mwaka wa Hijria unaingia Muharamu, na mifunguo ina hesabu yake. Shajara imechagua mlango mmoja tu, na atakayeukosa hana pa kuingilia mpaka miezi kumi na miwili ipite.

Mlango huo wenyewe, kwa watu wa kipato changu, ni mgumu kuliko yote. Januari ni mwezi wa sare, madaftari, viatu, na nauli za kurudi kutoka kwenye sikukuu. Ukurasa wa fedha wa Januari uliniuliza nimeweka kiasi gani kwa ajili ya lengo langu, na jibu lilikuwa sifuri. Sikununua tofali hata moja hadi mwisho wa Februari. Baadaye nilijipanga, nikanunua 50 kwa baadhi ya miezi na 30 kwa mingine, na mwaka ulipofungwa nilikuwa na matofali 430 yaliyopangwa vizuri Pongwe chini ya maturubai. Mchapishaji ametoa kisanduku cha kuweka alama ya "limetimia" au "halikutimia", na nilikataa kuweka yoyote. Matofali 430 si kushindwa. Katika mkoa huu, ambao umeishi na mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, tunajua kwamba mmea huo hukaa shambani miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa majani ya kwanza, wala hakuna anayeung'oa kwa kuwa Desemba imefika. Panahitajika ukurasa wa kulipeleka lengo mwaka unaofuata pamoja na hesabu ya kilichokwisha kupatikana.

Kwa dada yangu kurasa hizo za fedha hazikufaa kabisa. Zina kisanduku kimoja cha mshahara kwa mwezi, naye hapati mshahara. Anapata kila siku, na kiasi anachopata kinategemea mwezi wa angani zaidi kuliko ule wa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa vyombo vingi havitoki. Samaki wengine nao hufuata bamvua na maji mafu. Kwa hiyo kila siku 29 au 30 ana wiki za kupata na wiki za kukaa. Alijaribu kufuata mpango wa kuweka shilingi zile zile kila wiki, akashindwa wiki ya mbalamwezi, akakata tamaa tena. Nilipokaa naye mwezi wa Juni tuliuweka mpango pembeni, tukachora mwezi kwenye pambizo za shajara, mduara uliojaa kwa mbalamwezi na mweusi kwa giza, akaweka akiba wiki za giza peke yake. Tangu hapo hakukosa. Alikuwa anataka kununua jiko kubwa la gesi ili aachane na kuni, na alilinunua Novemba. Kitabu kilimsaidia kwa kumpa lengo la wazi, lakini hesabu ilibidi tuitengeneze sisi.

Sehemu iliyobaki kubwa ni ukurasa wa hesabu ya wiki, na huu nausifu bila kusita. Una mambo matatu tu: nilifanya nini, nini kilinizuia, na nitabadili nini wiki ijayo. Hauna alama wala asilimia. Nilikuwa nikiujaza kwa dakika kumi hivi, na mara nyingi ndipo nilipogundua kwamba wiki niliyodhani imepotea ilikuwa na matembezi manne ndani yake, au kwamba wiki niliyojisifia haikuwa na lolote. Umewekwa Jumapili jioni, muda ambao mwalimu anaandaa masomo, kwa hiyo niliuhamishia Ijumaa baada ya magharibi, ambako kwa majina ya siku zetu wiki ndiyo inakokwisha. Jumamosi ni mosi kwa jina lake. Watakaofanya kazi za zamu wauweke siku yoyote, mradi isibadilike.

Mwisho wa mwaka hali ilikuwa hivi. Nilipopimwa tena Novemba, shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, na daktari aliniambia niendelee vilevile. Matofali nimeshayaeleza. Mama mdogo alikosa siku aliyojiwekea kwa wiki moja: Maulidi yalikuwa katikati ya Septemba, na Jumapili iliyofuata, akiwa na miwani yake na simu mkononi, alisoma ujumbe wa pesa aliyotumiwa na mwanawe kutoka Dar es Salaam, silabi kwa silabi, jina, kiasi na salio. Kisha akaizima simu na kuiweka chini ya mto bila kumwonyesha mtu.

Toleo la mwaka 2025 lilipofika Ngamiani bei ilikuwa imepanda hadi shilingi 17,000. Nimelikagua. Karatasi ni nzito zaidi na jalada limeimarishwa, lakini saa ni zile zile, gridi ya siku 21 ipo, na Ramadhani, iliyoingia mwanzoni mwa Machi mwaka huo, haimo. Kwa mfanyakazi wa mshahara anayetaka kuongozwa katika kuchagua malengo machache na kuyahesabu kila wiki, bado nasema bei hiyo ni halali, mradi atenge jioni moja ya kuandika saa zake na miezi yake ndani ya kitabu kabla hajaanza. Nimenunua nakala moja. Kwa mwenye biashara ya kila siku, mvuvi, mama lishe au fundi, sishauri. Maswali matano na ukurasa wa wiki yanaweza kunakiliwa kwenye daftari la mistari la shilingi elfu chache, na kurasa za fedha apange mwenyewe kufuata mapato yake.

Ndivyo alivyofanya dada yangu. Ijumaa iliyopita tulikaa barazani Mwambani, yeye na daftari lake jipya, mimi na shajara yangu mapajani nikimsomea maswali ayanakili. Nilipofungua ukurasa na kusita kidogo kutafuta mahali, mama mdogo aliinama, akasogeza miwani, akalisoma swali la kwanza kwa sauti kabla yangu: "Unataka nini hasa?"